Anapakua Chakula cha Jioni Majini, Yeye Hula Peke Yake

Saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua imeshafanya kazi yake ya kila siku hapa Boito, kwenye mashamba ya chai ya Konoin, na kwenda zake, na Masese Onyiego anafuta viti vya boti kwa taulo kuukuu. Viti ni vinne, meza ni moja. Akimaliza cha nne anarudi kwenye cha kwanza, kwa sababu mikaratusi ya ukingoni imekidondoshea maji tena.

Amevaa shati jeupe, tai nyeusi ya kubana na gambuti za kijani. Tai ni ya mwenye boti. Gambuti ni zake mwenyewe, alizobaki nazo tangu enzi za kuchuma majani chai.

"Madam alitaka nivae viatu," anasema, akiwasha na kuzima taa ya betri kuona kama ina nguvu. "Nikamwambia viatu itaharibika siku moja. Mgeni anaangalianga juu, haangalii chini."

Wageni wa leo ni wawili: mwalimu mkuu mstaafu na mkewe kutoka Kapsoit, wanaosherehekea miaka thelathini na mitano ya ndoa. Wanateremka ngazi za udongo wameshikana mikono huku wakilaumiana kwa sauti ya chini kuhusu nani alisahau sweta. Masese anawavisha jaketi za kuokolea, anawaonyesha pa kukanyaga, kisha anaisukuma boti kwa mti mrefu mpaka nyasi zinaiachilia.

Bwawa lenyewe si kubwa. Ukipiga mbinja upande huu, mtu wa ng'ambo atageuka. Lilichimbwa miaka mingi iliyopita kuzuia mto mdogo unaopita katikati ya mashamba ya chai, ili kiwanda kipate maji. Kiwanda kilipopata maji kwingine, bwawa likaachiwa bata na vyura.

Miaka mitatu iliyopita Sally Chepchirchir, mwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima, alilikodisha. Alikuwa amesafiri Ulaya na kwaya ya kanisa, akaona mji ambao mto unapita katikati yake na watu wanalipa pesa nzuri kula chakula cha jioni ndani ya boti jua likitua.

"Nikasema, si hata sisi tuko na maji?" anasema Sally na kucheka. "Mji ndio hatuna. Wale wako na taa na muziki, sisi tuko na baridi na vyura. Lakini watu wanakuja. Mtu wa Nairobi ukimwambia hakuna kelele, analipa."

Kila mgeni hulipa shilingi 2,500. Kwa hizo anapata kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, mboga za kienyeji zilizotiwa maziwa, mursik (maziwa ya Wakipsigis yanayogandishwa kibuyuni kwa majivu ya mkaa) kwa anayetaka, chai ya tangawizi kwenye themosi na blanketi la kujifunika magoti. Boti hutoka mara moja tu kwa siku, Alhamisi hadi Jumapili, kwa muda wa saa moja na robo.

Masese, mwenye umri wa miaka 61, ndiye nahodha. Ndiye pia mpakuaji, msimulizi akiombwa, na upepo ukivuma ndiye uzito wa kuisawazisha boti. Kwa yote hayo hupokea shilingi 15,000 kwa mwezi na chumba kimoja nyuma ya pampu ya zamani.

Katikati ya bwawa anafunga boti kwenye nguzo, ananawisha wageni mikono, anapakua. Kisha anarudi nyuma kabisa, anaketi juu ya kreti la soda na kuwapa wageni mgongo nusu. Mke wa mwalimu anamgeukia.

"Baba, wewe hukuli?"

"Nimekula, mama. Kuleni tu."

Hajala. Mwandishi wa makala haya alikuwa naye tangu saa nane mchana na hakumwona akitia hata mhindi mdomoni. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Masese atakula wageni wakishaondoka, chumbani kwake, kile kitakachobaki kwenye hotpoti.

Alizaliwa upande wa Nyamira. Akiwa na miaka kumi na tisa alivuka kuja kuchuma chai katika shamba moja kubwa la hapa, akiwa na ndoo, blanketi na barua ya binamu yake. Alidhani angekaa msimu mmoja. Alikaa miaka thelathini na saba.

Humo shambani alioana na Nyakerario, mchumaji mwenzake aliyekuwa akimshinda kilo karibu kila siku. "Mimi nikileta arobaini, yeye ako na hamsini na mbili," anasema. "Halafu ananiuliza kama nilikuwa nachuma ama nilikuwa naongea na chai." Walipata mtoto mmoja, Sagini, aliyekulia katika laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa safu, chumba kimoja kwa kila familia.

Miaka mitano iliyopita mashine za kuchuma ziliingia na watu wakapunguzwa. Masese akawa mmoja wao. Mwaka huohuo Nyakerario alipatikana na kansa ya koo. Malipo ya kuachishwa kazi yalikwenda hospitalini yote, na Nyakerario naye akaenda. Alizikwa Nyamira, kwenye kipande chao cha shamba, mbele ya nyumba ambayo hawakuwahi kuishi pamoja hata mwezi mmoja.

Kwa nini hakurudi huko? Anavuta kamba ya boti kuona kama imekaza kabla ya kujibu.

"Kurudi kwa nani? Hapa angalau kuna wageni jioni. Mbaya ni asubuhi. Mimi naongea na redio. Yule mtu akisema habari za asubuhi, mimi namwambia nzuri. Anaendelea na maneno yake, hajui nimemjibu."

Anacheka. Mwandishi alijaribu kucheka pia. Ukweli ni kwamba si jambo la kuchekesha, na Masese mwenyewe anajua, kwani aliacha ghafla na kuanza kukunja blanketi ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Mwanawe si mbali. Sagini, mwenye umri wa miaka 29, ni fundi wa stima mjini Bomet. Amemwoa Fancy Chepkurui, fundi wa kushona sare za shule, Mkipsigis wa hapahapa Konoin. Wana binti wa miezi kumi. Masese hajawahi kumwona mtoto huyo ana kwa ana. Picha anayo, kwenye simu ambayo kioo chake kimepasuka, na ufa umepita kwenye shavu la mtoto.

Kisa cha yote ni meza hii hii ya boti.

Miezi kumi na minne iliyopita, Sagini alimpigia Sally simu kwa siri. Alitaka kulipia viti vitatu: chake, cha mkewe na cha baba yake. Mzee amewapakulia watu miaka miwili, alisema, na yeye apakuliwe siku moja. Sally alifurahi mpaka akapunguza bei. Kiptum, mtunza bustani, aliombwa asukume boti siku hiyo.

Nia ilikuwa njema kabisa. Ila kuna jambo ambalo kijana aliyekulia laini hakulipima vizuri.

Kwa Abagusii, watu wa Masese, kuna kanuni za heshima baina ya mzazi na watoto waliokwisha kukua. Huitwa chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawali meza moja wakitazamana. Siku hizi wengi wamelegeza kamba, hasa mijini, na wako wanaozicheka. Masese si mmoja wao. Nyumbani mambo haya hayana shida, kwa sababu nyumba ina kona, uwanja na mlango wa nyuma. Boti ina meza moja na maji pande zote.

"Nilikuja nikidhani ni wageni," anakumbuka. "Nikaona ni kijana yangu. Nikaona huyo mama ako na tumbo, ya miezi mitano hivi. Nikafurahi sana. Halafu nikaona sahani tatu. Madam anapiga makofi, ananiambia, 'Mzee, leo wewe kaa chini!' Nikaangalia hiyo meza. Ningekaa aje? Magoti yetu ingegusana."

Akachukua ule mti mikononi mwa Kiptum, akasema atasukuma mwenyewe. Akaenda nyuma, kwenye kreti lake.

Fancy alidhani mkwe wake anaona haya tu. Alikuwa amebeba mursik ndani ya kibuyu kutoka kwa mama yake, maziwa yaliyolazwa kwa ajili ya mzee huyu hasa. Akamimina kikombe, akasimama na tumbo lake, boti ikayumba, akamfuata kule nyuma na kumpa kwa mikono miwili. Masese alikipokea huku uso ameugeuzia maji, kama inavyompasa. Akakiweka chini. Hakunywa.

Yeyote anayewajua Wakipsigis anajua uzito wa kuletewa maziwa ya nyumbani kwa mtu na kuyaweka chini. Saa nzima iliyofuata, kilichosikika ndani ya boti hiyo ni vijiko.

Waliposhuka, Fancy alikuwa analia. Alimwambia mumewe kwa Kiswahili, ili mzee asikie: "Baba yako hanitaki. Hata maziwa ya kwetu hataki. Angesema tu hataki Mkipsigis."

Masese alisikia kila neno.

Msomaji atauliza, kama mwandishi alivyouliza kwa sauti ya kukaripia kidogo: kwa nini asieleze? Si maneno mawili tu?

"Hiyo maneno baba haongei na mke ya mtoto wake," alisema. "Hata kumwelezea ni aibu. Ni kama unavunja. Mama ndiye anaelezanga. Bibi ya kijana akikuja, anakaa na mama jikoni, wanatoa mboga, anaambiwa pole pole: baba yako hapa utafanya hivi, hapa usipite. Sasa mama ako wapi?"

Hapo ndipo mwandishi alipoelewa. Mtu wa kusema alikuwa Nyakerario, na Nyakerario alikuwa amezikwa. Mila hii ilimpa kila mmoja kazi yake, na mwenye kazi ya kuzungumza ndiye aliyekosekana. Wanasema mwacha mila ni mtumwa. Hawasemi anayeishika peke yake naye anaitwa nani.

Kile kibuyu kilisahaulika ndani ya boti. Masese alikipeleka chumbani, akanywa mursik yote peke yake kwa siku tatu. "Ilikuwa tamu," anasema. "Ilikuwa na ile mkaa yake vizuri. Nilikuwa nataka kumwambia mtu ni tamu, lakini ningemwambia nani?"

Sagini, kwa simu kutoka Bomet, hakujitetea sana. "Hiyo ya nyumba nilijua, Tata hawezi kuingia kwangu," alisema, akimwita baba yake kwa Kigusii. "Lakini nilifikiria ni mambo ya nyumba tu. Boti si nyumba. Kwa laini tulikuwa tunaishi chumba moja, hakuna mtu alinifundisha hizo zingine. Tata akanyamaza, mimi nikakasirika, nikanyamaza pia. Nikijaribu kumwelezea Fancy sasa, ananiambia nisimtetee."

Humpigia baba yake kila Jumapili jioni. Huzungumza dakika mbili, tatu. Mvua, kazi, salamu.

Masese angeweza kwenda Bomet? Mwanawe anaishi kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Kijijini baba huketi nje, akaletewa kiti na chai, na mjukuu akaletwa. Ghorofani nje ni ngazi.

Alikwenda mara moja, siku ya soko, bila kumwambia mtu. Aliketi kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akaagiza chai, akaagiza nyingine. Kutoka hapo aliona kamba ya nguo ya ghorofa ya tatu.

"Kulikuwa na nepi sita," anasema. "Nikahesabu. Halafu mwenye hoteli akaniuliza kama nangojea mtu. Nikamwambia hapana. Nikarudi."

Kwa muda mrefu aliamini mambo yangekwisha hivyo. Lakini mwezi uliopita alimpigia simu Nyamwange, binamu yake mkubwa huko Nyamira, yule aliyemwandikia barua ya kuja kuchuma chai zamani hizo. Nyamwange sasa ana miaka zaidi ya themanini na ndiye huulizwa mambo ya mila katika ukoo wao. Masese alimuuliza swali ambalo huenda halijawahi kuulizwa na Mgusii yeyote: boti ni nyumba, au si nyumba?

Mzee Nyamwange alicheka kwanza. Kisha akaomba apewe siku mbili. Siku ya tatu alipiga mwenyewe, jambo ambalo kwa ubahili wake wa vocha ni muujiza.

Jibu lake, kama Masese anavyolisimulia, lilikuwa fupi. Boti moja yenye meza moja ni chumba kimoja, usiketi humo. Boti mbili ni nyumba mbili, hata zikifungwa kwa kamba. Na mjukuu hana chinsoni na babu yake. Mjukuu anaweza kukaa juu ya magoti ya babu, akala sahani moja naye, akamvuta ndevu na kumtukana, na hakuna mila iliyovunjika.

"Mimi nilijua hiyo ya mjukuu," anasema Masese. "Kila mtu anajua. Lakini nilikuwa nimeangalia tu ile mlango imefungwa. Sikuangalia ile imefunguliwa."

Tangu siku hiyo ana kazi nyingine asubuhi mbali na kuongea na redio. Kuna kiboti kidogo kilichokuwa kikitumika kung'oa magugu ya majini, kimelala kifudifudi miaka miwili. Amekigeuza, amekiziba kwa bati na lami, amekipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mabati ya Sally. Amenunua kamba ya mita nne. Mpango wake ni kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi huu Kiptum asukume boti kubwa, mwanawe na mkewe wakiwa mezani, na yeye afuate nyuma kwenye kiboti, na sahani yake. Kila mtu ndani ya nyumba yake, wakila jioni moja. Na mtoto akiruhusiwa, aje huku nyuma.

Sally amekubali, na ameshaagiza jaketi dogo la kuokolea la mtoto. Sagini amealikwa. Jibu lake lilikuwa: "Nitaongea naye." Wiki mbili zilipita bila neno.

Taaluma ya uandishi ina sheria yake pia, nayo ni kwamba usiandike mashtaka bila kumsikia mshtakiwa. Fancy alipaswa kupigiwa simu. Lakini kumpigia ni kumwambia yale ambayo mzee hakuweza kuyasema kwa miezi kumi na minne, kwa hiyo mwandishi aliomba ruhusa kwanza.

Masese alichovya mti majini, akautoa, akautazama ukidondosha.

"Wewe si mtu wa nyumba," alisema mwishowe. "Wewe unaweza."

Ijumaa mchana, Fancy alipokea simu akiwa kazini. Nyuma yake cherehani ilikuwa ikikimbia. Sauti yake ilikuwa ya adabu na baridi. Alisema hana la kusema kuhusu baba mkwe wake, magazeti yatafute watu wengine. Mwandishi akamweleza kuhusu chinsoni. Kuhusu magoti na meza. Kuhusu nani aliyepaswa kumwambia, na kwa nini hakuwepo.

Cherehani ikasimama.

"Kwa nini hakuna mtu aliniambia?" aliuliza. "Hata kwetu iko hivyo. Mama yangu hawezi kukaa meza moja na Sagini. Mimi mwenyewe namwekeanga chakula chumba kingine. Sasa mbona sikufikiria? Mimi nilifikiria tu kabila. Nilifikiria, huyu mzee ameishi kwetu miaka yote hiyo na bado hatutaki."

Kisha kwa hasira, au kilichofanana na hasira: "Na unajua mtoto tulimwita nani? Nyakerario. Sagini hakunilazimisha. Kama mimi ningekuwa namchukia, mtoto wangu angeitwa jina ya bibi yake?"

Mwandishi alimwambia pia kuhusu mwaliko na kile kiboti cha nyuma, kisha kuhusu kibuyu. Kwamba mzee alikunywa.

"Yote?"

"Yote. Kwa siku tatu."

"Siku ya tatu si ilikuwa imekuwa kali sana?"

Alikuwa analia, na hakuficha. Alipotulia alitaka ieleweke kwamba hajasema atakuja. Alirudia mara mbili: "Sijasema nitakuja." Ana kazi, muhula unafunguliwa, kuna sare arobaini hazijakatwa. Na mtoto ni shida.

"Huyu si mtoto wa kukaa kwa boti. Hatulii. Na ni mzito, juzi kliniki walisema kilo tisa. Huko nyuma kwa hiyo kitu ndogo atashikwa aje, na mzee anashika kasia?"

Ujumbe huo mwandishi aliufikisha bwawani jioni ileile, neno kwa neno. Masese alisikiliza akiwa amesimama na taulo mkononi. Hakuuliza kama watakuja. Hakuuliza kama amesamehewa. Alipeleka taulo usoni, akajifuta, na kusema ni jasho, ingawa Boito saa hiyo haina jasho.

"Alisema kilo ngapi?" aliuliza.

"Tisa."

"Tisa," alirudia, akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei na akaona ni haki.

Jumamosi asubuhi, mwandishi anapopita kuaga kabla ya kurudi Nairobi, chumba cha nyuma ya pampu kimefungwa. Redio imezimwa. Masese yuko majini, ndani ya kiboti cha kijani, katikati ya bwawa.

Amefunga kitu ndani ya leso pana na kukiketisha juu ya goti la kushoto. Kiptum, akipalilia ukingoni, anaeleza bila kuulizwa: ni pakiti nne za unga za kilo mbili na kilo moja ya sukari, mzee alizinunua dukani jana kabla ya kufunga. Masese amezikumbatia kwa mkono wa kushoto na kupiga kasia kwa wa kulia. Kiboti kinazunguka pale pale. Anasimamisha kasia, anasogeza mzigo karibu na kifua, anafunika upande wa juu wa leso maana kuna upepo, anajaribu tena. Safari hii kiboti kinakwenda mbele, kwa shida, lakini mbele.

Juu ya ngazi, Sally anaita. Kuna watu wanne wamepiga simu kutaka boti ya leo jioni, na anataka mzee aje aseme kama taa ina nguvu. Anaita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi.

Masese hageuki. Anainua mkono wenye kasia, polepole, ili kiboti kisiyumbe.

"Ngoja kidogo, Madam," anajibu, kwa sauti ya chini ambayo maji yanaileta mpaka ukingoni. "Niko na mtoto."